Taa za Tela Zikigoma: Tafuta Hitilafu Kabla ya Kununua Balbu

Barabara ya Taifa Namba 2 ikitoka Bukavu kwenda Walungu hupanda na kushuka milima kwa kilomita kama 45, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua huipiga bila huruma. Gari linalovuta tela kwenye njia hiyo, liwe tela la mizigo au kijumba kidogo cha kulala, taa zake za nyuma zimezibwa. Anayekuja nyuma, awe dereva wa Fuso au kijana wa pikipiki mwenye abiria, anategemea taa za tela peke yake. Zikizima, hajui kama aliye mbele anafunga breki, anakata kona au amesimama kabisa kwenye matope.

Taa za tela zikigoma, mara nyingi mtu hukimbilia dukani kununua balbu. Balbu mpya inawaka siku mbili, kisha yanarudi yale yale. Sababu ni kwamba balbu ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa, ilhali hitilafu nyingi za tela dogo zimejificha kwenye waya wa ardhi, ule ambao mafundi wa Bukavu huuita masi. Mwongozo huu unafuata kanuni moja: kwanza jua hitilafu iko upande gani, kisha punguza eneo la kutafuta mpaka ubaki na waya mmoja. Kazi yenyewe haihitaji mashine za gereji kubwa.

VIFAA

Tayarisha vitu hivi kabla ya kulala chini ya tela:

- Taa ya kupimia: balbu ya volti 12 yenye wati 5, iliyounganishwa na nyaya mbili za mita moja moja. Ncha moja iwe na kibanio, nyingine iwe na msumari mwembamba au sindano nene.
- Balbu nyingine ya wati 21 yenye nyaya zake, kwa kutafuta shoti.
- Betri ya volti 12. Ya pikipiki inatosha, na ya sola pia. Kwenye waya wake wa chanya weka fyuzi ya ampea 10.
- Waya wa akiba wa mita tano au sita.
- Bisibisi, koleo, kisu, msasa, brashi ya chuma, tepu ya umeme na vaselini kidogo.
- Msaidizi wa kukanyaga breki na kuwasha taa.

Multimita ni nzuri ukiwa nayo, lakini isikudanganye. Waya uliokatika ukabaki na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 kwenye multimita, kwa kuwa multimita haivuti umeme wa maana. Taa ya kupimia inavuta umeme, kwa hiyo waya dhaifu unaumbuka papo hapo.

Kabla ya yote, egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono na weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya tela.

HATUA YA 1: HAKIKISHA VOLTI NA AINA YA PLAGI

Hilux na Land Cruiser nyingi hutumia volti 12. Malori ya Fuso na Canter mara nyingi hutumia volti 24. Usihesabu betri ukaishia hapo, maana gari lenye betri mbili linaweza kuwa la volti 12. Fuata nyaya: chanya ikiungwa na chanya, ni 12, chanya ya moja ikiungwa na hasi ya nyingine, ni 24. Kisha toa balbu za tela usome maandishi yaliyo kwenye kitako. Balbu ya volti 24 kwenye gari la volti 12 huwaka kwa unyonge, nawe utaanza kutafuta waya mbovu usiokuwepo. Balbu ya volti 12 kwenye volti 24 huungua mara moja.

Tazama plagi. Tela nyingi zilizotengenezwa Ulaya zina plagi ya pini 7 au ya pini 13. Ya pini 7 inafuata kiwango cha ISO 1724, na namba zake zimeandikwa ndani ya plagi kwa herufi ndogo:

Pini ya 1, njano: taa ya kona, kushoto.
Pini ya 2, bluu: taa ya nyuma ya ukungu.
Pini ya 3, nyeupe: ardhi, yaani masi.
Pini ya 4, kijani: taa ya kona, kulia.
Pini ya 5, kahawia: taa ya usiku, kulia.
Pini ya 6, nyekundu: taa za breki.
Pini ya 7, nyeusi: taa ya usiku, kushoto, mara nyingi pamoja na ya namba ya gari.

Plagi ya pini 13 inafuata kazi hizo hizo kwa pini saba za kwanza. Ya 8 ni ya taa ya kurudi nyuma, ya 9 huleta umeme wa kudumu, ya 10 huleta umeme gari likiwa limewashwa, na ya 11 na ya 13 ni ardhi za ile ya 10 na ya 9. Tela lenye pini 13 linaweza kuvutwa na gari lenye tundu la pini 7 kwa kutumia adapta, ila vitu vya ndani ya kijumba, kama taa ya chumba na friji, havitapata umeme.

Kuna mtego kwa tela zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani. Plagi yake ndogo ina nyaya nne tu, na breki na kona vinatumia waya mmoja kila upande: njano kwa kushoto, kijani kwa kulia, kahawia kwa taa za usiku, nyeupe kwa ardhi. Ukiliunga moja kwa moja na gari ambalo breki na kona zake zina nyaya tofauti, halitafanya kazi sawasawa hata kama kila waya ni mzima. Hapo kinatakiwa kifaa cha kubadilisha mfumo, au nyaya za tela zifumwe upya.

Usiziamini rangi peke yake. Tela lililopita mikononi mwa mafundi watatu linaweza kuwa na waya mwekundu uliogeuzwa kuwa ardhi. Amini namba za pini na taa yako ya kupimia. Kumbuka pia kwamba kushoto na kulia huhesabiwa ukitazama mbele, gari linakoelekea. Aliyelala chini ya kiungio akitazama tela, kushoto kwake ni kulia kwa gari, na hapo ndipo nyaya za kona zinapobadilishwa bila mtu kujua.

HATUA YA 2: ANDIKA DALILI KABLA YA KUGUSA KITU

Unganisha tela, mwambie msaidizi awashe kitu kimoja kimoja: taa za usiku, breki, kona ya kushoto, kona ya kulia. Andika kila unachokiona, kwa sababu dalili zenyewe zinaonyesha njia:

- Taa moja tu haiwaki, nyingine zote ziko sawa: shuku balbu, kishikio chake au waya wake.
- Taa zote za upande mmoja ni hafifu: shuku ardhi ya upande huo.
- Ukikanyaga breki, taa za kona au za usiku zinawaka kidogo: ardhi ya tela imekatika au imeoza.
- Hakuna hata moja inayowaka: shuku pini ya 3, plagi, au fyuzi ya gari.
- Taa zinawaka mkiwa mmesimama, zinazima njiani: waya unaocheza, au plagi iliyolegea.
- Fyuzi inaungua kila mara: kuna shoti, waya wa chanya unagusa chuma.
- Kona inapepesa haraka kuliko kawaida: balbu moja imeungua, au tela lina taa za LED zinazovuta umeme mdogo hadi flasha ya gari inadhani balbu imekufa.

Dalili ya tatu ndiyo inayowachanganya watu wengi. Umeme unaoingia kwenye balbu ya breki lazima urudi kwenye betri. Njia yake ya kurudi ikikatika, hupita kwenye balbu jirani na kurudi kupitia waya wa balbu hiyo. Ndiyo maana taa ambayo hukuiwasha inawaka. Ukiona hivyo, acha balbu zote na uende moja kwa moja kwenye ardhi.

HATUA YA 3: PIMA UPANDE WA GARI

Chomoa plagi ya tela. Bana kibanio cha taa ya kupimia kwenye pini ya 3 ya tundu la gari, kisha gusa pini nyingine kwa ncha, moja moja, msaidizi akiwasha kinachohusika. Taa ikiwaka vizuri kwenye pini zote, gari halina kosa, na tatizo lako liko kwenye tela.

Isipowaka kwenye pini yoyote, hamisha kibanio ukakibane kwenye chuma safi cha gari, kisichokuwa na rangi wala kutu. Ikiwaka sasa, waya wa ardhi wa tundu la gari ndio uliokatika. Isipowaka kwenye pini moja tu, angalia fyuzi ya taa hiyo kwanza, kisha fuata waya wake kuanzia nyuma ya tundu. Tundu hilo hukaa chini, karibu na mpira wa chuma wa kuvutia tela, mahali panapopokea kila dimbwi la njiani. Lifungue. Mara nyingi utakuta unga wa kijani juu ya shaba, au skurubu iliyobana plastiki ya waya badala ya shaba yenyewe.

HATUA YA 4: PIMA TELA PEKE YAKE

Hatua hii huokoa muda mwingi, nayo watu wengi huiruka. Ukiwa na betri ya pikipiki, unga hasi kwenye pini ya 3 ya plagi ya tela. Chukua waya wa chanya wenye fyuzi ya ampea 10, uguse pini ya 1: taa ya kona ya kushoto iwake bila kupepesa. Gusa ya 4, ya 5, ya 6 na ya 7. Kila mguso uwashe kinachotakiwa, na hicho tu.

Tela likiwaka vizuri kwa betri hii na likagoma kwenye gari, na gari nalo limefaulu hatua ya 3, basi kosa liko pale plagi na tundu zinapokutana: pini zimeliwa na kutu au zimebanika. Pini zilizopasuliwa katikati zinaweza kupanuliwa kidogo sana kwa ncha ya kisu ili zikaze. Zisafishe kwa msasa, paka vaselini kidogo, ujaribu tena.

HATUA YA 5: KAMATA WAYA WA ARDHI

Kama tela limeshindwa hatua ya 4, anza na ardhi kabla ya kitu kingine. Bana ncha moja ya ule waya wa akiba kwenye hasi ya betri. Ncha nyingine igusishe kwenye chuma cha ardhi cha taa yenyewe, huku chanya ikiwa kwenye pini ya 6. Taa iliyokuwa hafifu ikirudi na nguvu, umempata mwenye makosa.

Kutu kidogo tu hula umeme mwingi. Balbu mbili za breki, kila moja ya wati 21, huvuta kama ampea 3.5. Ukinzani wa omu 1 kwenye ardhi yake, kiasi ambacho skurubu moja yenye kutu inaweza kuwa nacho, unatosha kupokonya karibu volti 3 kati ya 12. Breki inaonekana kama taa ya usiku, na dereva aliye nyuma hatambui kuwa umekanyaga.

Tela nyingi ndogo hutumia chasi yake kama waya wa kurudishia umeme. Chasi mpya na kavu haina shida. Chasi iliyopakwa rangi mara tatu, yenye bolti zilizoshika kutu, si waya tena. Vibaya zaidi ni tela ambalo halina waya mweupe kabisa na linategemea mpira wa kuvutia kama ardhi. Mpira umepakwa grisi na unacheza kila gari likiruka shimo, kwa hiyo taa zitakuwa zinakonyeza njia nzima.

Dawa ya kudumu ni hii: pitisha waya wa ardhi wa pekee, wenye unene wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, kutoka pini ya 3 mpaka kwenye kila taa. Usiishie kwenye chasi. Gharama yake ni mita chache za waya.

HATUA YA 6: FUNGUA PLAGI NA UFUATE KEBO

Ardhi ikiwa nzima na bado kuna taa isiyowaka, fungua plagi ya tela. Vuta kila waya taratibu. Waya mzima hauvutiki. Uliokatika ndani ya ngozi yake huvutika kama mpira, hasa pale kebo inapoingia kwenye plagi, kwa kuwa hujipinda hapo kwenye kila kona. Kata sehemu hiyo, menya upya, funga skurubu juu ya shaba.

Kisha fuata kebo yote kwa mkono. Simama mahali patatu: kwenye tundu la chasi ambako kebo hupita bila mpira wa kuikinga, juu ya ekseli ambako spring hupanda na kuibana, na kwenye kiungio ambako kebo ndefu kupita kiasi huburuzwa chini na fupi kupita kiasi hukatika gari likipiga kona kali.

Kama fyuzi inaungua, acha kubahatisha. Toa balbu za tela zinazohusika na fyuzi hiyo. Mahali pa fyuzi unga balbu yako ya wati 21, kisha washa. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Sasa tingisha kebo hatua kwa hatua kutoka mbele kwenda nyuma. Pale balbu itakapozima au kupepesa, ndipo waya unapogusa chuma. Kamwe usiweke fyuzi kubwa zaidi, waya mtupu wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi isipokatika, kitakachoungua ni waya, na waya huo unapita chini ya godoro la kijumba chako.

HATUA YA 7: SASA ANGALIA TAA ZENYEWE

Balbu ya breki na usiku kwa pamoja ina nyuzi mbili, wati 21 na wati 5, na vijipini viwili vya ubavuni visivyokaa kwenye kimo kimoja. Vimewekwa hivyo ili isiingie kinyume. Mtu akiilazimisha, taa ya usiku itawaka kwa nguvu ya breki, na breki itaonekana dhaifu. Itoe, igeuze nusu duara, iingize bila nguvu.

Ndani ya kishikio tafuta kutu na maji. Sugua chemchemi ya chini kwa msasa uliokunjwa. Kifuniko kikiwa na ufa, maji yataingia tena mvua ijayo. Toboa tundu dogo upande wa chini kabisa ili yatoke, na uzibe ufa wa juu.

HATUA YA 8: UNGA KAMA MTU ATAKAYESAFIRI

Kusokota nyaya mbili na kuzifunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki kutakufikisha soko la Mugogo kule Walungu, lakini msimu wa mvua hakutauvuka. Tumia viungio vya kubana kwa koleo, au lehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto au tepu iliyozungushwa kwa kukazwa. Plagi iangalie chini inapochomolewa, isining'inie ikijaa maji. Kebo iwe na ulegevu wa kutosha kwa kona, ifungwe kwenye chasi kila baada ya nusu mita.

Kwa kijumba cha kulala, tenganisha kabisa umeme wa ndani na ule wa taa za barabarani. Friji na chaja ya simu ziwe na waya wake wa chanya, ardhi yake na fyuzi yake. Ukichanganya, taa ya chumbani itapunguza mwanga wa taa za breki.

HATUA YA 9: JARIBIO LA MWISHO

Unganisha kila kitu, washa injini, kisha washa taa za usiku, breki na kona kwa wakati mmoja. Kosa la ardhi lililobaki hujitokeza hapo, taa zote zinapodai umeme pamoja. Msaidizi atingishe plagi na kebo ukitazama. Endesha nusu kilomita kwenye njia mbovu, simama, rudia ukaguzi. Taa zikiwa bado zinawaka baada ya mashimo, kazi imekwisha.

Giza likikukuta kabla ya kumaliza, usijaribu bahati. Weka pembetatu nyuma ya tela, bandika viakisi vyekundu, na subiri kuche. Tangu siku hiyo na kuendelea, kagua taa zako kila unapounganisha tela, kabla ya kuondoka. Ni kazi ya dakika mbili, na anayekuja nyuma yako hana njia nyingine ya kujua unachotaka kufanya.